Miti ya Wageni wa Lameki

Ukifika Makambako ukamuulizia Lameki Nyagawa, watu watakuuliza kwanza, "Yupi? Wa mbao au wa Wazungu?" Wa mbao ni binamu yake, mtu mnene, hahusiki kabisa na kisa hiki. Wetu ni yule wa Wazungu: mwembamba, anayevaa koti la kijani hata jua likiwaka, mkazi wa Kitandililo, mzaliwa wa Kichiwa. Kazi yake ni kuwapokea wageni wanaokwenda kuangalia maua ya Kitulo, kuwapitisha Njombe mjini waone maporomoko ya Luhuji, na kuwaeleza kwa Kiingereza kwa nini huku Tanzania kuna baridi wakati wao waliahidiwa jua.

Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele kidogo utataka kumchukia, na mimi mwenyewe kuna mahali nilimchukia.

Mama yake alifariki akiwa bado hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake, Kristina, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi Kristina hakuwa na mume wala mtoto, ila alikuwa na vinyungu vitatu bondeni, hapohapo Kichiwa. Asiyejua kinyungu nimweleze: ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi unaotunza maji, inayolimwa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Mwezi wa tisa, wakati wengine wanahesabu siku za kusubiri mvua, mwenye kinyungu anachuma njegere na kula mahindi mabichi. Lameki alisoma mpaka kidato cha nne kwa njegere hizo. Maji ya bonde lile yalitoka kwenye chemchemi iliyoitwa Mivengini, kwa sababu ilizungukwa na mivengi, ile miti mifupi yenye majani mazito inayopenda kukaa miguu majini.

Nimesema "miti". Hapo ndipo penye kosa lote, kwa hiyo tusimame kidogo.

Kwetu Njombe neno mti lina maana yake. Mtu akisema "nina miti", anasema ana shamba la paini au la milingoti, ile mikaratusi iliyonyooka inayouzwa nguzo na mbao. Akisema "nimepanda miti mwaka huu", hakuna anayedhani kapanda kitu cha kukaa tu. Mvengi si mti. Mvengi ni kichaka. Kichaka hakipandwi, kinafyekwa. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani, ni ulimi tu umezoea, na ulimi ukizoea jambo macho nayo hufuata.

Sasa, mwaka 2016 kampuni moja inayoleta wageni ilimwandikia Lameki barua. Ilisema wageni wa siku hizi wana simanzi. Wakipanda ndege kutoka kwao mpaka kwetu, ndege inatoa moshi, moshi unapasha dunia joto, nao wanajisikia vibaya. Kwa hiyo kila mgeni angependa kupanda mti mahali fulani, mti huo unyonye moshi wake, na kila mwaka atumiwe picha aone unavyokua. Je, Lameki anaweza kutafuta bonde zuri lenye watu wakarimu?

Lameki alicheka sana. Kwenye mafundisho ya kipaimara alikariri jinsi zamani watu walivyonunua vyeti vya msamaha wa dhambi, na jinsi Walutheri walivyotokea kwa kuvikataa vyeti hivyo. Akamwambia mkewe, Germana, "Vyeti vimerudi, mama. Safari hii vina majani." Akaibatiza shughuli ile jina la sadaka ya moshi. Alicheka, lakini alijibu barua siku ileile.

Alichagua Mivengini. Pana mandhari, pako karibu na barabara kuu, na wenyeji ni watu wake. Septemba vijana wakafyeka kichaka chote kuzunguka chemchemi ili kupata nafasi ya kupanda miti. Ndivyo ilivyosemwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa maneno hayohayo, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mwenyekiti, Mzee Ebeneza, alishukuru. Shangazi Kristina aliwapikia vijana. Januari wageni wakaja, wakapiga magoti kwenye tope kwa furaha ambayo hata Lameki ilimgusa, wakapanda milingoti mia na ishirini, kila mmoja na kibao chenye jina la mgeni.

Kwa nini milingoti? Kwa sababu inakua haraka. Mvengi picha yake ya mwaka wa tatu ni ileile ya mwaka wa kwanza, na mgeni aliyeko kwao anataka kuona moshi wake unaliwa. Mlingoti haumwangushi mtu. Mwaka wa pili umempita Lameki kimo, mwaka wa tatu umempita mara mbili. Picha zilikwenda, wageni wakaja zaidi, na Lameki akapanda cheo katika macho ya watu. Mwaka wa korona ndege zilitulia kabisa. Milingoti haikutulia.

Oktoba 2022 chemchemi ya Mivengini ilikauka.

Haikukauka kwa siku moja, lakini siku waliyokubali kwamba imekauka ilikuwa moja. Wanawake walikwenda na ndoo wakakuta tope lenye nyayo za ng'ombe. Vinyungu vilikuwa vimepasuka nyufa za kupitisha mkono. Lameki alipigiwa simu, akaja na pikipiki, akasimama palepale alipokuwa akiteka maji utotoni. Shangazi Kristina alikuwa ameketi kwenye tuta la kinyungu chake, mikono mapajani.

"Lameki, baba," akamwambia, "wewe umesoma na unakaa na wenye elimu. Haya maji yamekwenda wapi?"

Jibu lilikuwa limesimama nyuma yake, refu, limejipanga mistari. Nataka uamini kwamba wakati ule Lameki hakulijua. Mimi nilitaka kuamini. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo bwana misitu mmoja aliyekuwa akipita alimwambia wazi kwamba milingoti inakunywa kama ng'ombe, na kwamba sheria inataka chanzo cha maji kiachwe mita sitini bila kuguswa. Lameki alimwitikia, akamsindikiza, kisha akafanya yale tunayoyafanya wengi wetu: akasubiri jambo lijifiche lenyewe.

Basi akajibu jibu alilozoea kuwapa wageni. Akaeleza mabadiliko ya tabianchi. Mvua zilizokuwa zikianza Novemba sasa zinasubiri Krismasi, sakitu ya Juni, ile baridi inayogandisha umande, haieleweki, dunia nzima imekosea. Na hayo, ndugu msomaji, yote ni kweli. Ndiyo maana yalifaa kufichia uongo. Shangazi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la mtu asiyeridhika na jibu la jumla: "Dunia nzima, sawa. Lakini mbona Kichiwa? Sisi tumefanya nini?"

Angeweza kusema hapo. Badala yake akasema sentensi moja, ili tu maswali yaishe:

"Shangazi, si hata wewe mwaka ule ulichoma shamba, moto ukakimbilia mlimani?"

Ni kweli ulikimbilia. Ulikula nyasi kidogo na uzio wa jirani, ukazimwa kabla ya chakula cha mchana. Shangazi Kristina alitazama mlimani, akainuka, akajifuta udongo, akaenda nyumbani.

Jumapili ya pili yake alisimama kanisani baada ya matangazo. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na saba, mtu wa kutembelea wagonjwa na kusuluhisha waliogombana. Akasema kwamba moto wake ndio ulioleta laana ya maji, kwamba haoni kama anastahili kuendelea kuhudumu, na kwamba anawaomba wote msamaha. Watu walimbembeleza. Hakukubali. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na kila alipokutana na mwanamke amebeba ndoo kutoka mbali alimwambia pole kwa namna ya mtu anayedaiwa pole hiyo.

Lameki hakuwepo kanisani siku ile. Alisimuliwa na Mzee Ebeneza kwa simu, tena kwa sifa: "Shangazi yako ni mtu wa peke yake, bwana. Wangapi wanakubali makosa hadharani?" Lameki akasema ndiyo, wachache.

Kwa miaka mitatu aliishi hivyo. Nafsi ilimsuta, naye akajifunza kuipitia pembeni. Alimpelekea shangazi unga, sukari, blanketi la sakitu, na kila zawadi iliyopokelewa kwa shukrani ilimrudisha nyumbani akiwa mdogo zaidi. Kila Jumapili alisema na wenzake, "tumekutenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo," na alilisema kwa nguvu kuliko wote.

Germana, mkewe, ni Mpangwa wa Ludewa, Mkatoliki aliyeolewa na Mlutheri na hajawahi kuacha kumtania kwa hilo. Asubuhi moja, akikoroga uji, alimtazama kwa muda kisha akasema, "Ninyi mnaungama kwa jumla. 'Tumekosa, tumekosa.' Nani kakosa, kakosa nini, hakuna anayejua. Sisi kwetu unapiga magoti kwenye kitubio na kuitaja dhambi kwa jina lake."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu wewe una moja inayokula nyama yako. Koti limebaki, mwenye koti simwoni."

Ndipo akamweleza. Germana alizima moto, akakaa. Hakumlaumu. Aliuliza tu, "Shangazi anajua?" na alipopata jibu, akasema, "Basi mimi si mtu wa kuambiwa." Akarudi kwenye sufuria yake.

Huenda angeendelea kuipitia pembeni mpaka shangazi azikwe. Lakini mwishoni mwa mwaka jana ile kampuni iliandika tena. Milingoti ya kwanza imefanikiwa sana, walisema, na wageni wanaongezeka. Sasa linahitajika bonde la pili hapohapo Kichiwa, vinginevyo watahamia mkoa mwingine. Mzee Ebeneza aliitisha mkutano, na kabla hata jambo halijajadiliwa Shangazi Kristina akanyoosha mkono. Nyuma ya nyumba yake kuna chemchemi ndogo, iliyobaki peke yake kwa upande ule wa kijiji. Imezungukwa na kichaka cha mivengi. Eneo ni la urithi wake. Akasema analitoa bure, wageni wapande miti, mvua irudi. "Nilikosa," akasema. "Niacheni na mimi nirudishe kitu."

Watu wakapiga makofi. Lameki naye akapiga makofi, na mikono yake aliiona kama ya mtu mwingine.

Siku ya kupanda ilikuwa Jumatano ya Januari. Mvua ilikuwa imechelewa tena, vumbi limetulia juu ya majani. Mashimo arobaini yalichimbwa kuizunguka chemchemi ile ndogo, na miche ya milingoti ilipangwa kivulini. Kichaka kingefyekwa wiki inayofuata ili miti ipate jua. Wageni walikuwa saba. Mmoja wao, mama mwenye mvi aliyepanda mti Mivengini mwaka wa kwanza, alikuwa amerudi makusudi, na alimkumbatia Shangazi Kristina kama ndugu.

Lameki alikuwa ameamua kusema. Nakuapia alikuwa ameamua. Alipanga kumvuta Mzee Ebeneza kando kabla ya shughuli, amweleze polepole, watafute namna ya kuahirisha bila mtu kuaibika. Lakini Mzee Ebeneza alikuwa akihangaika na viti, kisha mwinjilisti akaomba, kisha Mzee Ebeneza akamwita Shangazi Kristina aseme neno kama mwenye eneo. Lameki akasogea kando yake kutafsiri. Ndiyo kazi yake.

Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Aliwasalimu wageni, Lameki akatafsiri. Aliwashukuru kwa kuja kutoka mbali, Lameki akatafsiri. Kisha akasema:

"Wageni wetu, waambie, Lameki, tunawaomba radhi. Ninyi mnahangaika kupanda miti nchi za watu, na sisi tuliopewa maji na Mungu tumeyaharibu. Mimi hapa mnayeniona ndiye niliyechoma moto, na maji ya Mivengini yakakauka. Miti yenu imebaki bila maji. Mnisamehe."

Wageni walimtazama Lameki, wakisubiri. Yule mama mwenye mvi alikuwa anatabasamu, kwa kuwa hotuba za wenyeji huwa ni za shukrani.

Lameki alifungua kinywa. Aliwahi kutafsiri uongo mwingi wa adabu katika kazi yake, barabara mbaya ikawa ya kuvutia, chai ya baridi ikawa ya kienyeji. Hii hakuweza kuipamba. Watu saba waliokuja kwa ndege walikuwa wanaombwa radhi na mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Mbeya. Na aliyemfundisha kuomba radhi hiyo ndiye mkalimani.

Akaanza na Kiingereza, akatafsiri yote, hata sehemu ya moto. Akaona tabasamu la yule mama likififia kwa mshangao. Kisha akamgeukia shangazi yake akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake waliokaa nyuma:

"Shangazi, si moto wako. Mivengini ilikaushwa na milingoti. Mivengi ndiyo iliyokuwa inalinda maji, tukaifyeka. Mimi ndiye niliyechagua mahali, mimi ndiye niliyechagua miche. Tukipanda hapa, na hii itakauka."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, akanyamaza.

Mzee Ebeneza akasema, "Lameki, tabianchi je? Si ulitueleza..."

"Tabianchi ipo, mwenyekiti. Mvua imepungua kweli. Lakini haikuchagua Mivengini ikaacha mabonde mengine. Nilijua. Bwana misitu aliniambia."

Shangazi Kristina hakuwa amemwondolea macho. Hakulia, hakupaza sauti. Aliuliza kwa sauti ile ya siku zote, ile aliyomuulizia zamani kama amekula shuleni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hayajakauka, shangazi."

"Siku ile uliponiambia habari ya moto, ulikuwa unajua?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Angeweza kusema sikuwa na uhakika, angeweza kusema nilichanganyikiwa. Aliuona mlango ule. Nampa sifa moja tu katika maisha yake yote, kwamba safari hii hakuupitia.

"Nilikuwa najua."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Kisha akasema, "Miaka mitatu, Lameki. Nimeacha utumishi wa kanisa. Nimewaomba msamaha watoto wanaobeba maji. Kila usiku nimemwomba Mungu anisamehe dhambi iliyokuwa yako, na yeye ananitazama tu, kwa maana hakuna cha kunisamehe." "Sasa hiyo toba yangu yote nimpe nani? Uichukue wewe? Haikuenei. Kila mtu hutubu ya kwake."

Lameki alitaka kupiga magoti. Aibu ilimkataza.

Yule mama mwenye mvi akamgusa mkono. "Anasemaje?" akauliza kwa Kiingereza. "Tafadhali, anasema nini?"

Na Lameki akatafsiri. Alitafsiri neno kwa neno, bila kulainisha, mpaka mwisho: kwamba kila mtu hutubu ya kwake, na ya mtu mmoja haimwenei mwingine. Wageni walisikiliza. Mmoja aliyekuwa ameshika mche akauweka chini taratibu. Yule mama akatazama miche arobaini kivulini, kisha akatazama viatu vyake.

Shangazi Kristina hakuwasubiri. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaenda kwenye shimo lililo karibu na maji, akainama, akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Wanawake wawili wakainuka kumfuata. Lameki akaenda shimo la upande wa pili, mbali naye, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kukaa karibu. Akafukia la kwanza, akafukia la pili. Alipofika la tatu alimsikia shangazi akimwita Mzee Ebeneza amletee jembe, na akasubiri kusikia jina lake mwenyewe, lakini halikuitwa.